Pensheni Jamii kwa wazee wa Pemba: jinsi ya kumwandikisha mzee aliyetimia miaka 70

Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyefika miaka 70, au anayekaribia, ana haki yake Serikalini, nayo ni fedha za kila mwezi ziitwazo Pensheni Jamii, na haki hiyo haimfuati mlangoni. Lazima aandikishwe. Nimekuwa nikiwasindikiza wazee wa mtaani kwetu hapa Wete kushughulikia jambo hili, na naandika haya kwa ajili ya watoto na wajukuu, kwa sababu mara nyingi mzee mwenyewe hana wasiwasi wowote: anangoja aitwe. Wanaomchelewesha ni sisi tunaokaa naye.

Pensheni Jamii ilianza Zanzibar mwezi wa Aprili 2016. Fedha zake zinatoka katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Si sadaka ya mfadhili, na wala mzee hatakiwi kuwa aliwahi kukatwa mshahara ili aipate. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi shilingi 50,000. Haiulizi kama mzee alikuwa mwalimu, mvuvi, mkulima wa muhogo au mama aliyelea watoto wake na wa ndugu zake bila ya kulipwa na mtu. Mwenye watoto wenye uwezo anaipata. Anayepokea pensheni ya kazi ya serikali naye anaipata. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu nasikia watu wakisema "babu yetu hawezi kupewa, ana mtoto Uarabuni". Si kweli. Wanaichanganya na fedha za kaya maskini za TASAF, ambazo zina mchujo wake na zinahesabiwa kwa kaya. Pensheni Jamii ni ya mtu: bibi na babu wakiwa nyumba moja na wote wametimia umri, kila mmoja ana yake.

Masharti makubwa ni mawili. Awe ametimia miaka 70, na awe Mzanzibari mkaazi. Yote mawili yanathibitishwa kwa karatasi, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Anza na kitambulisho, na anza mapema

Hatua ya kwanza haiko kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia anayoishi mzee. Iko kabatini au ndani ya mkoba wa mzee. Kitoeni kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi mkisome vizuri kwenye mwangaza: jina, shehia na tarehe ya kuzaliwa. Umri utakaotazamwa ni ule ulioandikwa pale. Mzee anaweza kuwa na mvi kichwa kizima na wajukuu waliokwishaoa, lakini kitambulisho kikisema ana miaka 66, afisa atafuata kitambulisho.

Ushauri wangu ni kwamba jambo hili lifanywe mwaka mzima kabla mzee hajafika 70. Aliyezaliwa 1957 anatimia mwaka 2027, kwa hiyo karatasi zake zikaguliwe 2026. Kikiwa kimepotea, kimechakaa hata picha haionekani, au kimepitwa na muda, nendeni ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii mkaombe kingine. Huwezi kuanza na pensheni halafu ukarudi nyuma kutafuta kitambulisho.

Pale tarehe inapokuwa na kasoro, msikate tamaa na wala msifanye haraka. Wazee wengi wa Pemba wamezaliwa nyumbani, kwa mkunga wa kijijini, na hakuna aliyekwenda kuandikisha. Siku ya kuandikwa kitambulisho, karani aliuliza "una miaka mingapi?" na mzee akajibu kwa kukisia. Hapo ndipo mtu anapopunguziwa miaka yake au kuongezewa. Kabla hamjakwenda ofisini, kaeni na mzee mkautafute mwaka wake kwa matukio anayoyakumbuka. Bibi mmoja hapa kwetu alipoulizwa alizaliwa lini alitikisa kichwa tu. Mjukuu wake akamuuliza kwa njia nyengine: "Bibi, Mapinduzi yamekukuta wapi?" Akajibu pale pale, "Yamenikuta chuoni, ndiyo kwanza naanza Juzuu Amma, na mdogo wangu nambeba mgongoni." Mtoto wa Kipemba wakati ule anapelekwa chuoni kusoma Kurani mapema, na aliye na nguvu ya kubeba mtoto ana kama miaka saba au minane. Mapinduzi yalikuwa Januari 1964. Basi bibi yule kazaliwa 1956 hivi, na huko ndiko pa kuanzia.

Matukio mengine yanayosaidia: uchaguzi wa kwanza wa 1957, kufa kwa Sultani Khalifa bin Haroub mwezi wa Oktoba 1960, ghasia za Juni 1961. Muulizeni pia nani ndugu yake aliyemtangulia na nani aliyemfuata, kwa sababu pengine mdogo wake ana cheti cha kuzaliwa, na haiwezekani mdogo akamzidi kaka yake umri. Kumbukumbu peke yake haitoshi ofisini, lakini itawaonesha ni karatasi gani za kutafuta. Paspoti ya zamani, cheti cha skuli, karatasi za ajira kama aliwahi kuajiriwa, cheti cha ndoa, chochote chenye umri au mwaka juu yake, kiwekeni pamoja. Kisha mnakwenda kwa sheha kupata barua ya kumtambulisha mzee, na kutoka hapo Wakala, ambako mtaelezwa kama kinahitajika kiapo na mashahidi wazee wanaomjua. Tafuteni mashahidi hao wakati wangali hai na wana fahamu zao. Hili si jambo la kuliwekea mwakani.

Na tafadhali msimwongezee mzee miaka ambayo hana. Nafasi hii ni ya kila mtu na zamu yake itafika. Tarehe ya uongo humrudia mwenyewe: majina yanahakikiwa, na karatasi mbili zenye miaka tofauti zitamzuia hata pale atakapokuwa ametimia kweli.

Jambo dogo linalosumbua sana ni alama za vidole. Mikono iliyochuma na kuchambua karafuu miaka mingi, iliyosuka makuti na kushika jembe, mistari yake ya vidole imefifia, na mashine inaweza kukataa mara kadhaa. Mwambieni afisa mapema kwamba vidole vya mzee ni vigumu kusomeka, na ombeni ajaribu vidole vyote bila ya haraka. Mzee asione aibu wala asifokewe. Kufifia kwa vidole vyake ni kazi aliyoifanya.

Kwenda kwa sheha

Kitambulisho kikiwa sawa, uandikishaji unaanzia kwenye shehia anayoishi mzee, si ile aliyozaliwa. Sheha ndiye anayemjua na ndiye anayethibitisha kwamba yupo na anakaa hapo. Nendeni asubuhi, na pigeni simu kwanza, khasa msimu wa karafuu ambapo ofisi nyengine za shehia huwa tupu kwa sababu watu wote wako shamba. Chukueni kitambulisho chenyewe pamoja na vivuli vyake viwili au vitatu, picha ndogo za paspoti, cheti cha kuzaliwa kama kipo, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani ambaye simu yake haizimwi.

Wanaosimamia pensheni hii ni maafisa ustawi wa jamii walio chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Kila wilaya ya Pemba, yaani Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, ina afisa wake. Sheha akishamtambua mzee, fomu inajazwa na taarifa zinakwenda kwa afisa huyo kwa uhakiki. Mkiona sheha ana mambo mengi, hakuna ubaya kwenda wenyewe kwa afisa wa wilaya na kuuliza, mradi mumpe sheha heshima yake kwa kumjulisha kwanza.

Mzee aende mwenyewe ikiwa anaweza kutembea. Aonekane, aulizwe, ajibu kwa kinywa chake. Kama hawezi na yuko kitandani, msimbebe kwenye bodaboda kwa ajili ya fomu. Mwambieni sheha na afisa wa ustawi kwamba mzee ni mgonjwa wa kitandani na ombeni afuatwe nyumbani. Semeni hivyo siku ya kwanza, ili mzee asije akahesabiwa kuwa hakufika.

Kabla ya kuondoka, ulizeni mambo matatu na muyaandike: jina limeandikwaje kwenye fomu, herufi kwa herufi, orodha inapelekwa lini wilayani, na malipo ya shehia hii yanafanyika wapi na kwa utaratibu gani. La kwanza linaonekana dogo, lakini "Khamis" na "Hamisi" ni watu wawili mbele ya orodha. Jina la fomu lifanane na la kitambulisho.

Kuandikishwa hakuna malipo. Mtu yeyote akikwambieni toeni kitu kidogo ili jina lipite haraka, msitoe, na mjulisheni afisa wa wilaya.

Nani atampokelea

Mzee anaweza kumtaja mtu wa kumpokelea siku ambayo yeye hawezi kufika. Hapa naomba familia zitulie. Nimeona nyumba ambazo mtoto mkubwa ndiye aliyejitaja mwenyewe, mzee hakuulizwa, na tangu siku ile mzee hajui fedha zake zimekwenda wapi. Wakati mwengine hata hajui kama zimetoka.

Aulizwe yeye, na aulizwe akiwa peke yake. Mkae naye barazani jioni, wengine wakiwa hawapo, mumuulize: "Babu, ukiwa huwezi, unamwamini nani akuchukulie?" Pengine atamtaja mjukuu wa kike anayempikia uji, si mwanawe wa kiume mwenye duka. Basi ni huyo, kama umri wake unamruhusu na ana kitambulisho. Fedha zikishapokelewa zifike mkononi mwa mzee zote, kisha yeye ndiye aseme hizi za dawa, hizi za sukari na mchele, hizi mpeni jirani. Yapo matumizi ambayo sisi tunayaona hayana maana, mzee anataka kutoa sadaka msikitini au kumnunulia kitukuu wake kanzu ya Idi. Mwacheni. Ni fedha yake, na kwa mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akiomba ya chumvi kwa mume au kwa mwana, hii huenda ikawa ndiyo fedha ya kwanza ya jina lake mwenyewe.

Baada ya jina kupita

Mzee akishakubaliwa, karatasi au kadi atakayopewa iwekwe pamoja na kitambulisho, kwenye mfuko wa plastiki, mahali ambapo watu wawili wa nyumbani wanapajua. Siku ya malipo mzee aende na kadi, kitambulisho, maji ya kunywa na mtu wa kumshika mkono. Mwezi akikosa, aulizwe sheha mara moja. Msingoje miezi ipite ndipo mwanze kulalamika.

Mzee akihamia kwa mwanawe Unguja, au kutoka Micheweni kwenda Mkoani, chukueni barua ya sheha wa alikotoka mumpelekee sheha wa alikohamia, na mumjulishe afisa wa ustawi wa kila upande ili jina lihamishwe. Mzee akifariki, sheha ajulishwe na kifo kiandikishwe Wakala. Kuendelea kupokea fedha ya marehemu ni dhima mbele ya Mungu na ni kosa mbele ya sheria.

Mzee asiye na mtu

Wapo wazee ambao hawana wa kuwasomea kitambulisho wala kuwapeleka kwa sheha. Kama unamjua mmoja, huna haja ya kungoja uwe ndugu yake. Kamjulishe sheha kwamba yupo na huna hakika kama ameandikishwa. Kama hana hata pa kulala, afisa ustawi wa jamii ndiye wa kumwendea, kwa sababu Serikali ina makaazi ya wazee Limbani hapa Wete, na kwa upande wa Unguja yapo Sebleni na Welezo. Kuingia kule kunapitia huko huko, sheha na ustawi wa jamii, na mzee mwenyewe aridhie.

Kwa matibabu, msimwache mzee akakaa na presha au sukari kwa kuogopa gharama. Mhudumu wa afya wa kujitolea wa shehia yenu anaweza kuja nyumbani kumtazama na kumwandikia rufaa ya kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali ya wilaya.

Na kijana mwenye nafasi siku mbili kwa mwezi anatakiwa sana. JUWAZA, jumuiya ya wastaafu na wazee, inajua wazee wa maeneo mengi, na sheha naye anawajua wake. Nenda mwambie: nina siku ya Jumamosi, naweza kuandika, naweza kumpeleka mzee ofisini na kumrudisha kwake. Chukua kalamu, daftari, na nauli ya watu wawili. Vivuli vya karatasi vitoe kabla ya kufika ofisini, maana mashine ya kule ikiwa mbovu mzee atarudishwa nyumbani siku ile.