Nani anastahili nafasi ya kuteuliwa NCAA? Namna ninavyoandaa orodha yangu kila Machi

Machi 2007 nilikesha nikisubiri jina la chuo kikuu cha Connecticut, Marekani, litajwe. Ulikuwa msimu wa kwanza wa Hasheem Thabeet kule, kijana wetu wa Dar es Salaam, na kwangu hilo lilitosha: timu yenye Hasheem haiwezi kuachwa nje ya mashindano ya mpira wa kikapu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Jina halikutajwa. Nikakasirika siku kadhaa, kisha nikachukua daftari na kupitia matokeo yao mechi kwa mechi. Walikuwa wameanza msimu kwa kushinda 11 mfululizo, karibu zote nyumbani, wengi wa wapinzani wakiwa vyuo vidogo. Kuanzia hapo walishinda 6 na kupoteza 14. Rekodi ya 17 kwa 14 niliyokuwa naitetea kwa nguvu ilibebwa na ule mwanzo laini.

Kamati inayoteua timu ilikuwa sahihi. Tangu mwaka ule naandaa orodha yangu mwenyewe ya timu zinazostahili kabla kamati haijatangaza yake, na hapa naeleza ninavyofanya kwa upande wa wanaume. Unahitaji jedwali la Excel, au daftari la mistari, na jioni tatu nne za kukaa nalo.

Hatua ya 1: Hesabu viti

Tangu 2011 mashindano yana timu 68. Kila konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, hupeleka moja kwa moja bingwa wa mashindano yake ya mwisho wa msimu, hata kama msimu mzima alikuwa anaburuza mkia. Viti vinavyobaki ndivyo vya kuteuliwa. Mwaka 2024 konferensi zilikuwa 32, kwa hiyo viti vya kuteuliwa vilikuwa 36. Konferensi ya Pac-12 ilipohamwa na vyuo 10 kati ya 12, zikabaki konferensi 31, na mwaka 2025 viti vikawa 37. Hakiki hesabu hii kila msimu, maana vyuo vinahamahama sana siku hizi.

Hakuna mgawo kwa konferensi. Mwaka 2025 konferensi ya SEC peke yake iliingiza timu 14, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na konferensi yoyote. Ukijikuta unasema "hawa wameshatosha, tuwape na wengine", futa sentensi hiyo. Unapima timu, moja moja.

Hatua ya 2: Bakiza timu za ukingoni

Divisheni ya 1, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, ina vyuo zaidi ya 350. Usijichoshe na vigogo ambao hakuna anayewabishia, wala na wale ambao njia yao pekee ni ubingwa. Kwangu, wiki ya mwisho hubaki na timu 12 hadi 15 zinazogombea viti vitano au sita. Hizo naziita timu za ukingoni, na kazi yote iliyobaki ni yao.

Hatua ya 3: Panga kila mechi kwenye daraja lake

Kamati hutumia orodha iitwayo NET, iliyochukua nafasi ya kipimo cha zamani cha RPI msimu wa 2018–19. NET hupanga timu zote kwa kuangalia umeshinda nani, wapi, na unafunga na kufungwa kiasi gani kwa kila shambulizi. Wengi hukosea hapa: wanachukua nafasi ya timu yao kwenye NET na kusema "sisi ni wa 40, tumeingia". Hapana. NET kazi yake kubwa ni kupima wapinzani wako. Mechi zote hugawanywa madaraja manne:

- Daraja la 1: mpinzani wa 1–30 ukiwa nyumbani, 1–50 kwenye uwanja huru (usio wa timu yoyote kati yenu), 1–75 ukiwa ugenini.
- Daraja la 2: 31–75 nyumbani, 51–100 uwanja huru, 76–135 ugenini.
- Daraja la 3: 76–160 nyumbani, 101–200 uwanja huru, 136–240 ugenini.
- Daraja la 4: wote waliobaki.

Angalia ugenini kunavyothaminiwa. Kumfunga timu ya 70 kwake ni daraja la 1. Mfunge huyohuyo kwako, ni daraja la 2. Anayecheza kikapu anaelewa bila kuelezwa: safari, kelele za jukwaa, ring'i usizozizoea.

Na kumbuka daraja linahesabiwa kwa nafasi ya mpinzani ya leo, siyo ya siku mliyocheza. Ushindi wa Novemba unaweza kupanda au kuporomoka ukiwa umelala. Ndiyo maana jedwali langu nalijaza upya asubuhi ya Jumapili ya uteuzi, siku kamati inapotangaza orodha yake.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya WAB

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. WAB (Wins Above Bubble, yaani ushindi unaozidi wa timu ya ukingoni) iliingizwa kwenye karatasi za kamati msimu wa 2024–25, na inajibu swali ambalo madaraja hayalijibu: timu ya kawaida ya ukingoni, ikipewa ratiba yako hiyohiyo, ingeshinda mechi ngapi? Zidi hapo, una chanya. Pungukiwa, una hasi.

Tuseme unakwenda ugenini kwa kigogo, na timu ya ukingoni ingeshinda pale mara 20 katika 100. Ukishinda, unapata 0.80. Ukifungwa, unakatwa 0.20 tu. Sasa tuseme unapokea nyumbani timu dhaifu ambayo timu ya ukingoni ingeifunga mara 98 katika 100. Ukishinda, unapata 0.02. Ukifungwa, unakatwa 0.98. Jumlisha mechi zote za msimu.

Fanya hesabu ya ushindi kumi na mmoja wa nyumbani dhidi ya wanyonge: 0.22. Ukiupoteza mmoja tu kati ya hizo, umeingia kwenye deni. Laiti ningekuwa na kipimo hiki 2007, ningelala mapema.

Hatua ya 5: Ficha majina, kisha linganisha

Andika timu A na timu B, rekodi zao tu, na umpe mtu mwingine achague. Majina makubwa yanatupumbaza sote.

Jaribu na hizi mbili, ingawa ni za miaka tofauti. Timu A: ushindi 1 na vipigo 12 kwenye daraja la 1. Timu B: ushindi 1 na vipigo 4 kwenye daraja hilohilo, rekodi ya jumla 28 kwa 6. Timu A ni North Carolina ya 2025, iliyoteuliwa. Timu B ni Indiana State ya 2024, iliyoachwa ikiwa ndani ya 30 bora za NET. Aliyepewa nafasi 13 akashinda moja hawezi kulinganishwa na aliyepewa 5 akashinda moja. Vigogo hawakubali kwenda kucheza kwenye viwanja vya vyuo vya aina ya Indiana State. Hata simu zao hawazipokei kwa urahisi. Kuwaadhibu kwa mechi walizonyimwa si haki, na kwenye orodha yangu ya mwaka ule walikuwemo.

Kuhusu North Carolina, mpinzani wake wa kweli alikuwa West Virginia, aliyeachwa nje. West Virginia ilikuwa imezifunga Gonzaga na Arizona kule Bahamas, na Kansas kwenye uwanja wa Kansas yenyewe. Ushindi pekee wa North Carolina kwenye daraja la 1 ulikuwa dhidi ya UCLA, uwanja huru, New York. Mwenyekiti wa kamati mwaka ule alikuwa mkurugenzi wa michezo wa North Carolina, lakini kanuni humtoa mjumbe chumbani chuo chake kinapojadiliwa, na kwa hiyo mimi simo miongoni mwa waliopiga kelele za njama. Naona tu walichagua vibaya. Ningeiweka West Virginia.

Utaambiwa: "Mbona North Carolina iliifunga San Diego State 95–68 kwenye hatua ya awali kule Dayton?" Utakumbushwa pia VCU ya 2011, iliyolaumiwa kuteuliwa, ikaanzia hatua ya awali na kufika Nne Bora, yaani nusu fainali. Nawaheshimu sana VCU. Ila unachagua kwa yaliyofanyika hadi Jumapili. Mechi ya Jumanne haiwezi kurudi nyuma na kukupa sifa.

Hatua ya 6: Majeruhi

Kamati huangalia nani alikuwepo na nani hakuwepo. Weka safu moja ya hilo, usiizidishe. West Virginia ilimpoteza Tucker DeVries baada ya mechi 8. Zile za Bahamas alikuwepo. Kansas waliifunga bila yeye, na ushindi huo ndio niliouwekea alama ya nyota.

Hatua ya 7: Piga kura kama wao

Kamati ina wajumbe 12. Kwa viti vya mwisho, kila mmoja huorodhesha timu nane bora zilizobaki, nane zenye kura nyingi zinapangwa kwa nafasi, na nne za juu zinaingia. Kisha wanaanza upya. Fanya hivyo na marafiki wawili watatu, kila mtu akiandika kimya kabla ya kubishana. Utashangaa timu uliyoiona ya wazi ikibaki ubaoni raundi tatu.

Hatua ya 8: Acha nafasi ya waporaji

Usijaze viti vyote vya kuteuliwa mapema; timu isiyotarajiwa inaweza kutwaa ubingwa wa konferensi yake na kupora kiti kimoja. Mwaka 2024 NC State, iliyopangwa namba 10 kwenye mashindano ya konferensi ya ACC, ilishinda mechi tano kwa siku tano, ikachukua ubingwa na kiti ambacho mtu mwingine alikuwa anakihesabu chake. Mimi huacha viti viwili au vitatu kwa kalamu ya risasi hadi fainali ya mwisho iishe.

Uteuzi hutangazwa saa 12 jioni kwa saa za New York, ambayo kwetu ni saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu. Ukikosa timu mbili, usitupe jedwali. Rudi kwenye mistari ya hizo mbili na utafute ni safu gani kamati iliipa uzito kuliko wewe, uandike pembeni pamoja na mwaka.