Somo: Tarehe na siku zijiandike zenyewe kwenye Excel, wiki ianze Jumamosi

Assalaam alaykum jamani. Mie naweka daftari la mahudhurio la chuo chetu cha Kurani hapa Chake, watoto wanasoma Jumamosi mpaka Jumatano, Alhamisi na Ijumaa wanapumzika. Mwaka mzima nilikuwa naandika tarehe moja moja na kila mwezi lazma kuna siku naikosea, mara Jumatatu imeingia mara mbili, mara kuna Ijumaa ndani wakati chuo kimefungwa, halafu mzazi anakuja kuuliza mwanawe kakosa siku ngapi unaona haya kumjibu. Sasa hivi naandika tarehe moja tu, zilobaki zinakuja wenyewe.

Kwanza, seli ya A2, yaani kile kisanduku cha kolamu A mstari wa 2, andika tarehe ya kuanzia, mimi naandika 3/1/2026, yaani tarehe 3 Januari ambayo ni Jumamosi. Ukishabonyeza enta angalia imekaa wapi. Ikisogea kulia basi Excel kaijua kuwa ni tarehe, ikibaki kushoto hayo ni maandishi tu na hizi fomula zinaweza kukutilia makosa.

Pili, B2 tia hii upate jina la siku kwa Kiswahili:

=CHOOSE(WEEKDAY(A2,16),"Jumamosi","Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa")

Hapo kwenye 16 naomba mtulie kidogo maana ndipo watu wanapopotea. WEEKDAY ukiiacha bila namba inaanza kuhesabu Jumapili, ukiweka 16 inaanza Jumamosi, na hivo ndivo wiki yetu ilivo toka kwa wazee, Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, tatu, nne, tano, kisha Alhamisi ya sita na Ijumaa ya saba. Kwa hiyo majina unayapanga kama unavohesabu mdomoni, hukosei. Ukikopi fomula ya mtu asoweka 16 siku zote zinaruka.

Tatu, A3 tia:

=WORKDAY.INTL(A2,1,"0001100")

Hizo namba saba ni siku saba lakini hapa Excel anaanza Jumatatu, msichanganye na ile ya juu. Sifuri ni siku ya kusoma, moja ni mapumziko, ndo ukaona moja zimeangukia Alhamisi na Ijumaa. Chuo kinachofunga Ijumaa tu kiandike "0000100".

Nne, rudi B2, ile kona ya chini kulia ya seli ina kimraba kidogo, peleka mausi pale mpaka igeuke msalaba mweusi mwembamba, shika vuta mpaka B3. Sasa chagua A3 na B3 pamoja vuta chini mpaka mwisho wa mwezi. Utaona 3, 4, 5, 6, 7 halafu inaruka moja kwa moja kwenda 10. Mie siku ya kwanza nilipoiona nilifurahi sana wallahi. A3 ikikuonesha namba kama 46026 usishtuke, Excel anahesabu siku kuanzia 1 Januari 1900, ibadilishe tu muundo uwe wa tarehe. Na ukiona ##### kolamu ni nyembamba, ipanue.

Sikukuu je? Kolamu ya H, kuanzia H2, ziorodheshe, mfano 12/1/2026 Mapinduzi na 26/4/2026 Muungano, kisha A3 iwe hivi halafu uivute upya:

=WORKDAY.INTL(A2,1,"0001100",$H$2:$H$20)

Alama za dola zisisahaulike, bila hizo orodha inateremka kila unapovuta. Idi usiiandike mapema, subiri mwezi uandame.

MASUALI

Suali kutoka Wete: Mwalimu mimi nimeandika 3/1/2026 kama wewe lakini B2 inanambia Jumapili, fomula nimekopi vilevile.

Jibu: Kompyuta yako imepangwa Kimarekani, mwezi unatangulia, kwa hiyo imesoma tarehe 1 Machi, na siku hiyo kweli ni Jumapili. Nenda kwenye mipangilio ya Windows ubadilishe eneo, tarehe ianze na siku, kisha uiandike upya.

Suali kutoka Mkoani: Mistari yangu ya chini haina tarehe lakini yote inaandika Jumamosi, kwa nini?

Jibu: Seli tupu Excel anaihesabu sifuri, na sifuri yake inaangukia Jumamosi. Tangulizia =IF(A2="","", kisha ile CHOOSE yote na mabano ya kufunga mwisho.

Suali kutoka Unguja, Jang'ombe: Nnataka idadi ya siku za kusoma kwa mwezi ili tujue posho ya mwalimu.

Jibu: Tarehe ya kwanza weka D1, ya mwisho D2, kisha =NETWORKDAYS.INTL(D1,D2,"0001100",$H$2:$H$20). Januari 2026 ukitoa Mapinduzi inakuja siku 20.

Suali kutoka Konde: Nikisahau sikukuu nikaiongeza baadae kuna tabu?

Jibu: Ipo dada, tena kubwa, na mie imenipata. Tarehe zote za baada ya sikukuu zinasogea lakini alama za mahudhurio zinabaki palepale, mtoto alokuja anaonekana hakuja. Kila wiki ikiisha chagua tarehe za wiki hiyo, zikopi, kisha zibandike palepale kama thamani tu, bila fomula. Hapo hazitembei tena hata uongeze sikukuu gani.