Namna ya kuendesha kundi la Telegram la kushirikishana trela za filamu na gemu

Mwongozo huu unamhusu mtu wa Dodoma, au wa Singida, Kondoa na Manyoni, anayetaka kuanzisha kundi la mtandaoni la kupashana habari za trela mpya, yaani video fupi zinazotangaza filamu au gemu kabla haijatoka, na ambaye anajua kwamba wengi watakaojiunga naye wanatumia simu ya mkononi na bando la siku au la wiki. Hali hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata: mwanachama anapaswa kujua anakwenda kutazama nini, kinatoka wapi na kitakula MB ngapi kabla hajabonyeza. Kundi linalomwaga video ovyo huzimwa sauti katika wiki ya kwanza, kisha watu huondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Hatua ya kwanza: chagua mahali

Watu wengi wameshazoea WhatsApp, na kishawishi cha kuanzia huko ni kikubwa. Hata hivyo napendekeza Telegram. Kundi la WhatsApp huishia wanachama 1,024 na la Telegram hufika 200,000, lakini tofauti hiyo si hoja, kwani kundi la mji mmoja halitakaribia kikomo hicho cha pili. Hoja ni namba za simu. Telegram humruhusu mtu kuficha namba yake na kutumia jina la mtumiaji pekee, na jambo hilo lina uzito mkubwa kwa wasichana wanaopenda gemu, ambao katika makundi mengine hujikuta wakifuatwa kwa ujumbe binafsi na watu wasiowafahamu mara tu wanapotoa maoni. Vilevile, unaweza kuruhusu wageni kuona yaliyotangulia, ili anayejiunga leo asiulize trela iliyowekwa juzi.

Hatua ya pili: gawa mada

Washa mada katika mipangilio ya kundi, kisha fungua chache tu: filamu za nje, filamu za Kitanzania, gemu za simu, gemu za kompyuta na PlayStation, na mazungumzo. Filamu za nyumbani zipewe mada yao wenyewe, kwa kuwa zikichanganywa na za Marekani na Korea humezwa ndani ya saa chache.

Hatua ya tatu: weka umbo moja la tangazo

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Usiruhusu mtu aweke kiungo kitupu kikifuatana na maneno “moto huu hapa”. Trela ya dakika mbili na nusu ikitazamwa YouTube kwa ubora wa chini wa picha, 360p, hula takriban MB 10, na kwa ubora wa juu, 1080p, inaweza kufika MB 50 au kupita. Mwenye bando dogo ana haki ya kuchagua. Tangazo kamili lisomeke hivi:

“Grand Theft Auto VI, trela ya pili. Imewekwa na Rockstar Games wenyewe, YouTube, Mei 2025. Inakaribia dakika tatu. 360p inatosha kwa simu. Ina silaha na matukio ya watu wazima. Itatoka kwa PlayStation 5 na Xbox Series X na S. Tarehe iliyotangazwa: Novemba 19, 2026.”

Mistari saba tu, na mtu ameshajua kama jambo linamhusu. Mwenye PlayStation 4 anajua mapema kwamba atatazama kwa macho tu. Kuhusu umri, usijibunie vipimo: gemu nyingi hubeba alama ya PEGI ya Ulaya, yaani 3, 7, 12, 16 au 18, na inatosha kuinakili.

Mstari wa tarehe ndio unaochakaa haraka kuliko yote, na gemu hiyohiyo ni ushahidi. Trela yake ya kwanza, ya Desemba 2023, iliahidi mwaka 2025. Ya pili ikaahidi Mei 26, 2026. Baadaye Rockstar Games, kampuni inayoitengeneza, ikasogeza tena hadi Novemba. Kwa hiyo tarehe isichukuliwe kutoka ndani ya trela, bali kutoka katika tangazo la karibuni la mtengenezaji, na msimamizi arudi kuhariri tangazo la zamani kila tarehe inapohama. Najua ni kazi ya kuchosha, lakini tangazo lenye tarehe iliyokufa huzaa maswali yaleyale kila siku.

Hatua ya nne: hakiki chanzo

Trela bandia zimekuwa nyingi tangu akili mnemba ianze kutengeneza picha zinazoshabihi ukweli. Machi 2025 YouTube ilizuia mapato ya matangazo kwa Screen Culture na KH Studio, chaneli mbili zilizokuwa zikichanganya vipande halisi vya filamu na picha za akili mnemba, na ambazo video zao zilitazamwa na watu wengi mno. Hivyo, wingi wa watazamaji si uthibitisho. Fungua tovuti ya studio au ya mtengenezaji wa gemu, fuata kiungo chake mpaka kwenye chaneli, kisha linganisha. Ukiona maneno kama “wazo” au “kazi ya mashabiki” yamefichwa mwishoni mwa maelezo, basi hiyo si trela rasmi. Sioni sababu ya kuzipiga marufuku kazi za mashabiki, maana nyingine zimetengenezwa kwa ustadi. Ziwekwe katika mazungumzo, na zitajwe kwa jina lao.

Hatua ya tano: badili saa kabla ya kutangaza

Trela kubwa hutangazwa kwa saa za Marekani, na hapa ndipo makundi mengi huwakesha watu bure. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi yao na saa 7 wakati wa kiangazi. Los Angeles iko nyuma kwa saa 11 na 10. Mabadiliko hufanyika Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Saa tatu asubuhi ya New York mwezi Desemba ni saa kumi na moja jioni Dodoma, muda ambao mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ametoka darasani. The Game Awards, tuzo za gemu zinazofanyika Los Angeles kila Desemba, huangukia usiku wetu wa manane kuelekea alfajiri ya siku inayofuata. Andika saa ya Kiswahili, na taja usiku wa kuamkia siku gani, maana “saa tisa usiku wa Ijumaa” kila mtu huielewa kivyake. Acha pia nafasi ya mambo kwenda kombo: trela ile ya kwanza ya Grand Theft Auto VI ilivuja, na kampuni ikaiachia mapema, huku kwetu ikiwa ni usiku wa kuamkia siku iliyokuwa imetangazwa.

Hatua ya sita: linda mazungumzo

Washa hali ya polepole siku za trela kubwa, ili kila mtu asubiri kidogo kabla ya kuandika tena. Wafundishe wanachama kufunika maandishi yanayofichua kisa. Telegram inayo nyenzo hiyo, na maneno hubaki yamezibwa mpaka msomaji ayaguse. Futa bila mjadala viungo vya kubeti, vya “gemu bure” vinavyomtaka mtu aweke nywila yake, na michango ya harusi ya watu wasiojulikana.

Hatua ya saba: kaa upande salama wa hakimiliki

Shirikisha kiungo, si faili lililopakuliwa na kupakiwa upya, kwani kiungo humfikishia mwenye kazi watazamaji wake. Swali la “filamu nzima iko wapi?” litakuja kila siku, na jibu la kundi liwe moja: taja inapoonyeshwa kihalali, basi. Kusambaza filamu nzima bila idhini kunagongana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwa maoni yangu kunamuumiza zaidi mtengenezaji wa hapa nyumbani, ambaye hana soko lingine la kumfidia.

Hatua ya nane: tazameni pamoja

Zungumza na mwenye kibanda cha gemu, kwa mfano Chang'ombe au Majengo, aonyeshe trela kubwa katika televisheni yake kabla wateja hawajaanza kucheza. Bando moja huhudumia watu wengi, picha ni ya 1080p, naye hupata wateja.

Hatua ya tisa: andaa mrithi

Wanachuo humaliza masomo na kuhama, na kundi lililomtegemea mmoja hufa naye akiondoka. Teua wasimamizi wawili au watatu wenye ratiba tofauti, na umpe kila mmoja ruhusa anazohitaji tu. Umiliki wenyewe unaweza kuhamishwa, lakini Telegram hudai uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri la ziada la kuingilia, uwe umewashwa kwa siku zisizopungua 7. Uwashe leo, na uandike nenosiri lake mahali usipoweza kulipoteza pamoja na simu.