Riwaya ya kihistoria: anza na mzigo

Wanaotaka kuandika riwaya ya kihistoria hunijia hapa Lindi na Vita vya Majimaji vyote mkononi, kuanzia maji ya Kinjikitile hadi kitanzi cha mwisho. Huwa nawaambia wapunguze. Chagua kazi moja ya mikono, umfuate anayeifanya.

Mimi nilichagua upagazi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walichimbisha mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, na watu wa huku ndio walioibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Sasa kaa na huo mzigo. Mfupa umekandikwa udongo, ukafungwa mianzi usivunjike. Mdogo unakaa kichwani juu ya kata; mkubwa ni mzega, watu wawili na mti mabegani, na wa nyuma haoni njia. Hapo ugomvi umeshaupata: nani atangulie? Kwenye mteremko, mpagazi mfupi anaelemewa, mrefu anasema huyu mvivu. Dinosaria ni nini, usieleze. Mpagazi wako hajui, wala hilo halimpunguzii uzito.

Kisha rudi nyuma kidogo. Vita viliisha 1907, askari wakiwa wamechoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi Kusini. Kwa hiyo huyu mtu amezika. Vita usivisimulie, mwonyeshe akificha kiporo.

Ya sokoni usikisie. Malipo ni rupia, na rupia moja ni hela 100. Shilingi ilikuja na Waingereza. Mikorosho kila upande nayo iondoe, mashamba hayo ni ya baadaye. Mafaili ya Wajerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Tafuta mapema wa kukusomea: mwandiko ule humtoa jasho hata anayejua Kijerumani.

Kwa wazee, shikamoo kwanza, daftari baadaye. Ukiuliza "Ilikuwa mwaka gani, babu?" utapewa wowote wa kukuridhisha. Uliza walilala wapi, walikula nini. Bibi mmoja Mmwera alinishika begani akasema: "Baba alikuwa na sugu hapa, kama punda." Sura nzima ilitoka hapo.

Kazi ya mshahara usiache. Mimi nafundisha, na riwaya haijawahi kunilipia ada ya mtoto.

Mswada ukiisha, msomee kwa sauti mtu anayebeba magunia ya mkaa. Akikukatiza, "Hapo angeshautua," futa ukurasa.