Marando ya Maotea Hayafai kwa Mbegu, Hata Yakiwa ya Kijani

Mvua za vuli zinapokaribia katika Kanda ya Ziwa, wakulima wengi wa viazi vitamu huingia katika mashamba ya msimu uliopita, hukata marando ya maotea, yaani mimea iliyojiotea yenyewe, yaliyonusurika kiangazi na kuyapanda kwenye matuta mapya, wakiamini kwamba mmea uliostahimili jua kali kwa miezi 3 lazima uwe mzima. Imani hiyo ndiyo inayowakosesha mavuno, na kwa kuwa kosa hili linarudiwa kila mwaka, nitalishughulikia hilo tu.

Ugonjwa mkubwa wa virusi katika viazi vitamu hutokea virusi viwili vinapokutana katika shina moja: kimoja huenezwa na vidukari na kingine na nzi weupe. Kile cha vidukari kikiwa peke yake mara nyingi hakioneshi dalili yoyote katika aina tunazolima. Kile cha nzi weupe hugeuza majani ya chini kuwa ya manjano au ya zambarau, na mkulima hudhani ni upungufu wa mbolea. Vikikutana, cha pili huvunja ulinzi wa mmea, cha kwanza huongezeka kwa mamia ya mara, majani huwa membamba yaliyokunjamana, na mavuno yanaweza kupungua kwa zaidi ya nusu.

Kwa nini ustahimilivu wa jua si ushahidi wa usafi? Mmea unaopata joto kali hutengeneza kwa wingi protini za mshtuko wa joto, ambazo huzikunja protini nyingine za seli katika umbo sahihi na kuzizuia zisiharibike. Virusi huzitumia protini za ukoo huo huo kwa faida yao. Katika jamii ya potivirusi, ambamo kimo kirusi cha vidukari, imeonekana kwamba protini ya mmea yenye uzito wa takriban kilodaltoni 70 (kipimo cha uzito wa molekuli) hushiriki katika kujizidisha kwa kirusi. Kirusi cha nzi weupe ni cha jamii ya klosterovirusi, jamii pekee ya virusi vya mimea inayojulikana kubeba jeni yake yenyewe ya protini inayofanana na hiyo, na utafiti juu ya ndugu yake anayeshambulia biti za sukari umeonesha kwamba bila protini hiyo kirusi hakivuki kutoka seli moja hadi nyingine. Kwa hiyo, kinachousaidia mmea kustahimili jua hakiondoi kirusi: kirusi hufanya kazi kwa vyombo vya mmea wenyewe au vinavyofanana navyo, na hakuna dawa ya kupulizia shambani itakayokitoa. Kiuatilifu huua wadudu wanaokieneza. Mbolea na maji huchangamsha majani, lakini kirusi hubaki na husafiri katika kila pingili utakayokata.

Mbegu huchaguliwa shamba likiwa changa. Wiki ya 5 au ya 6 baada ya kupanda, kabla marando hayajasukana, chomeka kijiti kwenye kila shina lisilo na dalili, na ng'oa yaliyodumaa. Kagua tena wiki ya 10 hadi ya 12, na ondoa kijiti kwenye shina lolote lililobadilika. Wakulima wengi huniambia watayakumbuka mashina mazuri bila vijiti. Hayakumbukiki, kwa sababu wakati huo marando ya shina moja yamelala juu ya jingine. Siku hiyo hiyo ya ukaguzi wa pili, kata ncha zenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, wala usichukue sehemu ya chini ya rando, ambako fukuzi, mdudu anayetoboa viazi, hutaga mayai.

Zipande kitaluni karibu na maji, kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 10, angalau mita 100 kutoka shamba lolote la viazi vitamu, likiwemo la jirani. Ukiweza kufunika kitalu kwa neti yenye matundu madogo yasiyopitisha nzi weupe, funika tangu siku ya kupanda. Neti inayowekwa baada ya wiki 2 huwafungia wadudu ndani. Kitalu kizuri hutoa majani mapana yaliyonyooka.

Maotea ya shamba la zamani yang'olewe na kuchomwa kabla matuta mapya hayajapandwa, hata yale yanayopendeza macho.