Kadi ya baharia wa Königsberg: jinsi ya kusoma muhuri na kuulinganisha na safari ya manowari

Kijana mmoja aliniletea kadi ya posta aliyouziwa kwa bei ya juu, akiambiwa ni "kadi ya Königsberg, ile manowari ya Rufiji", yaani meli ya kivita ya Wajerumani iliyozama kwenye delta ya Rufiji 1915. Muhuri ulisomeka KÖNIGSBERG (PR). Huo ni muhuri wa mji wa Prussia, ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Wanaopenda historia ya pwani yetu wanazidi kununua vitu hivi mtandaoni, kwa hiyo naandika hatua ninazofuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Acha stempu ilipo

Usiloweke bahasha, usikate kona yenye stempu. Muhuri, anwani, tarehe na stempu vinathibitishana, na ukivitenganisha umebaki na kipande cha karatasi kisicho na historia.

Hatua ya 2: Skani pande zote mbili

Tumia skana, nukta 600 kwa inchi. Simu hupindisha duara la muhuri, na kwenye duara ndiko herufi zinakojificha. Muhuri ukiwa hafifu, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha ongeza weusi kidogo kidogo.

Hatua ya 3: Tambua ni muhuri wa nani

Manowari za Kaizari, mfalme wa Ujerumani, zilikuwa na posta yao ndani ya meli. Muhuri wake ni wa duara, umeandikwa KAIS. DEUTSCHE MARINE-SCHIFFSPOST, pamoja na tarehe na namba. Jina la meli halimo. Ukikuta jina, linakuwa kwenye muhuri mwingine, ule wa meli yenyewe, au limeandikwa kwa mkono: S.M.S. Königsberg. Tafuta herufi hizo tatu, S.M.S., yaani "Meli ya Mtukufu Kaizari" kwa Kijerumani, kabla ya kutoa hata shilingi.

Namba nayo isikudanganye. Namba zilihamishwa kutoka meli moja kwenda nyingine, kwa hiyo orodha ya namba isiyoonyesha miaka haina faida. Mimi sinunui kwa namba peke yake.

Hatua ya 4: Angalia fedha kwenye stempu

Barua iliyopita posta ya meli ilibandikwa stempu za Ujerumani za pfennig, senti ya Kijerumani. Baharia aliyeshuka Dar es Salaam na kutumia posta ya mjini alinunua stempu za koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaizari, na thamani ya heller, senti ya koloni hilo, kisha zikagongwa muhuri wa DARESSALAM, neno moja. Aina zote mbili zinaweza kuwa halisi. Kinachotakiwa ni stempu na muhuri vikubaliane.

Hatua ya 5: Weka tarehe juu ya safari ya meli

Hapa ndipo kazi ilipo, usiiharakishe. Chukua karatasi na penseli, chora mstari wa tarehe, andika meli ilikuwa wapi. Jedwali la kompyuta silipendi kwa kazi hii: linakulazimisha ujaze kila kisanduku, na meli iliyojificha ina siku nyingi ambazo lazima zibaki wazi.

Anza na jina, maana manowari zilizoitwa Königsberg ni zaidi ya moja. Yetu iliingia kazini 1907. Ya pili iliingia 1916, ya kwanza ikiwa imeshazama. Nyingine ilianza 1929 na kuzamishwa na ndege za Waingereza bandarini Bergen, Norway, tarehe 10 Aprili 1940. Kadi ya 1917 au 1935 yenye jina hilo ni halali kabisa, ila haihusiani na Rufiji.

Sasa safari yenyewe. Meli ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914, nahodha akiwa Max Looff. Iliondoka 31 Julai, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa mlangoni. Miezi hiyo miwili ndiyo yenye barua za amani: salamu kwa wazazi, picha za bandari, stempu za kawaida. Tarehe 6 Agosti iliikamata City of Winchester, meli ya mizigo ya Waingereza, karibu na Oman, kisha ikaingia delta ya Rufiji. Alfajiri ya 20 Septemba ilitokea Zanzibar na kuipiga manowari ya Waingereza, HMS Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa mitambo, ikarudi Rufiji. HMS Chatham iliigundua mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 10 Novemba Waingereza wakaizamisha meli ya Newbridge kwenye mkondo ili kuziba njia. Julai 1915 zikaja manowari zao Severn na Mersey, zilizoweza kupita maji mafupi. Shambulio la tarehe 6 halikutosha. La tarehe 11 ndilo lililoimaliza, na Looff akaamuru izamishwe.

Ukisoma tarehe kwenye muhuri, kumbuka Mjerumani huanza na siku, halafu mwezi. Muuzaji wa Marekani akisoma kinyume, 7/6 14 inageuka kuwa Julai, na kadi ya bandarini tulivu inauzwa kama ya mkesha wa vita.

Jihadhari zaidi na kipindi cha baada ya 11 Julai 1915. Meli ilikufa, lakini watu wake na mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 waliendelea na vita nchi kavu pamoja na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Baharia angeweza kuendelea kujitaja kuwa wa Königsberg huku barua yake ikigongwa muhuri wa posta ya bara. Barua hiyo usiitupe! Lakini muhuri wa posta ya meli wenye tarehe ya baada ya siku hiyo, ukidaiwa kuwa wa manowari ya Rufiji, ukatae.

Njia ya barua nayo iangalie. Uingereza ilifunga bahari. Msumbiji ya Wareno haikuwa vitani na Ujerumani hadi Machi 1916, hivyo alama za kupitia huko zinaingia akilini.

Hatua ya 6: Upande wa Waingereza

Barua za mabaharia wao zina alama ya mkaguzi na mara nyingi hazitaji meli. Zile za Mafia, kisiwa walichokiteka Januari 1915 na kukifanya kituo cha kuiwinda Königsberg, zinavutia zaidi: kuna stempu za Kijerumani zilizopigwa chapa ya G.R. MAFIA, na baadaye stempu za India zenye I.E.F., kifupi cha Indian Expeditionary Force, jeshi la India lililotumwa nje. Chapa hizi zinaghushiwa sana. Bila cheti cha mtaalamu, mimi sizigusi.

Hatua ya 7: Hifadhi

Mifuko ya poliesta tu. Ile laini ya PVC hutoa kemikali zinazoharibu karatasi na wino. Maelezo yako yaandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, kamwe si nyuma ya kadi.