Kuandika na kutayarisha tamthilia ya televisheni Unguja na Pemba

Anayeandika tamthilia na kuitayarisha mwenyewe hana ruhusa ya kusahau gharama. Ukiandika "harusi, usiku, Jambiani, wageni 80", ushajiagizia taa, jenereta, biriani na daladala za kurudisha watu makwao. Kwa hiyo anza na orodha ya mahali kabla ya kisa. Chagua mahali sita unapoweza kupata bila ya tabu: nyumba yenye ua huko Ng'ambo, duka, baraza, kichochoro cha Mji Mkongwe, ofisi, pwani. Kisa kikae humo. Sini, yaani onyesho moja la kisa, inayodai mahali pa saba iwe na sababu nzito.

Ukurasa mmoja wa muswada uliopangwa vizuri huwa kama dakika moja ya picha. Nafasi ya nusu saa hewani, ukitoa matangazo, hubakisha dakika 22 hadi 26, basi andika kurasa 24. Kikosi kidogo chenye kamera moja hupiga kurasa 5 au 6 kwa siku, yaani sehemu moja ya tamthilia, ile inayorushwa mara moja, huchukua siku 4 hadi 5. Sehemu 13 kwa mwendo huo ni siku 52 au zaidi, na hakuna bajeti ya hapa kwetu inayozipenda hizo. Zikusanye sini zote za ua kutoka sehemu zote 13, zipige mfululizo, kisha uhame. Mpango huu unataka muswada wote uwe umekwisha kabla ya siku ya kwanza. Anayepiga sehemu ya 2 huku anaandika ya 9 atarudi nyumba ile ile mara ya tatu, akute ukuta umepakwa rangi nyengine na mwenye nyumba keshachoka na nyaya.

Kwa kuwa sini hazipigwi kwa mpangilio wa kisa, mtu mmoja awe na kazi ya mwendelezo tu. Kila sini apige picha ya nguo, hina, mtindo wa shungi na vyombo vilivyopo mezani, aandike namba ya sini na siku ya kisa. Hina hufifia. Ikiwa bi harusi ana sini za wiki moja ya kisa, ziwekwe siku zinazofuatana.

Pwani ndiyo inayowaumbua wengi. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, hivyo sini iliyoanza jana saa 4 asubuhi maji yamejaa, leo saa ile ile bado yanapanda. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Paje hupwa mpaka karibu na mwamba, na ngalawa iliyokuwa ikielea asubuhi hulala mchangani mchana. Tazama jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kupanga ratiba. Sini ya pwani imalizwe siku moja. Ikishindikana, subiri kiasi cha siku 15, saa za maji zitakaribiana tena na zile za mwanzo. Maji mafu, yanayokuja baina ya bamvua na bamvua, yana tofauti ndogo zaidi, na kwa mazungumzo marefu ufukweni ndiyo bora.

Sauti mbaya hufukuza watazamaji haraka kuliko picha mbaya. Kusi ikivuma, takriban Mei hadi Septemba, mashariki ya Unguja maikrofoni husikia upepo tu. Hamishia mazungumzo upande wa magharibi. Mjini kuna pikipiki na kunguru, na adhana hazianzi pamoja: simamisha kazi dakika 10 kila wakati wa sala, wanaosali wakasali. Maikrofoni ndogo ya kubana nguoni ikiwekwa ndani ya baibui hukwaruzwa na kitambaa kila mwigizaji akigeuka. Ibandike kwa plasta chini ya kidevu, ndani ya shungi, uache kitanzi kidogo cha waya ili usivutwe. Kila mahali rikodi ukimya wa dakika moja. Mhariri atauhitaji kuziba mapengo.

Mazungumzo yaandike kwa sikio. Bibi wa Makunduchi akisema kama msomaji wa taarifa ya habari, mtazamaji wa Kusini anahamisha stesheni. Mpe mwigizaji wa Micheweni maana ya sentensi, kisha mwache aiseme kwa Kipemba chake, mradi neno linalobeba kisa libaki.

Muswada upeleke mapema Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na kazi iandikishwe COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Droni ina kibali chake mbali. Wimbo wa taarab una wenyewe, hata ukiwa wa zamani, na kibali cha mtunzi hakitoshi ikiwa unatumia rikodi ya kikundi. Chukua ruhusa kwa maandishi.

Ukenda ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, au kituo cha bara, chukua muhtasari wa kurasa 8, sehemu ya kwanza iliyohaririwa na bajeti. Katika mkataba tazama mambo matatu: haki ni za miaka mingapi, nani anaweza kuiweka mtandaoni, na malipo yanagawanywaje. Ukilipwa baada ya kurushwa tu, mkopo wa miezi yote hiyo ni wako. Omba theluthi moja wakati wa kutia saini, na picha ghafi uziweke kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti, mpaka malipo ya mwisho yaingie.